Sekunde Nne za Feni

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote waliobaki katika nyumba hii. Natumaini barua itakukuta mzima wa afya, wewe na shemeji na wapwa zangu, na kwamba kile kikohozi cha mdogo kimekwisha. Mwambie mjomba wake anamuulizia kila siku, ingawa kupiga simu amekuwa mvivu.

Sisi hatujambo, tunasukuma siku. Goti la Baba linamsumbua asubuhi, likishapata joto linatulia. Bomba la jikoni bado linavuja vilevile ulivyoliacha. Mimi nipo duka la kuchapa na kudurufu, nasimama kutwa nzima mbele ya mashine inayokwama kila baada ya kurasa ishirini, na bosi anaamini ni mimi ninayeikwamisha.

Najua umeshtuka kuona bahasha. Nani anaandika barua siku hizi? Ndani utakuta flashi ndogo nyeusi. Dada, nakuomba, usiichomeke kwenye kompyuta kwanza. Soma hadi mwisho. Kilichomo si kile unachokitarajia, na kosa ni langu.

Wewe huwa unawaambia watu huko kwamba mdogo wako anatengeneza programu za kompyuta. Ahsante kwa kunipandisha cheo, lakini si kweli. Ile programu ya kurekodi na kusafisha sauti inaandikwa na watu waliotapakaa duniani, hawalipwi, na msimbo wao uko wazi, yeyote anaruhusiwa kuuchukua. Ila msimbo peke yake ni maandishi tu, hata ukiubofya mpaka kidole kiote sugu haufunguki. Lazima mtu aujenge uwe programu, kisha aifungashe pamoja na vikorokoro vyote inavyovihitaji, ili mwalimu wa kwaya aliyeko mbali apakue kifurushi kimoja na kazi yake iende. Kwa kompyuta za aina yangu, mtu huyo ni mimi. Mama alikuwa akisema mimi ni mfunga mizigo wa watu wasiomjua, tena wa bure. Alipenda sana kunitania kwa hilo, hasa akiwa na wageni.

Sasa nije kwenye lile jambo.

Siku ile Mama alipotaka kukurekodia ujumbe, alivaa blauzi ya kijani uliyomtumia, kana kwamba ungemwona. Alikaa kwenye kile kiti chake karibu na dirisha. Nikaegemeza simu yake kwenye kikombe. Ilikuwa mchana wa joto kali. Feni ilikuwa inazunguka na kulalamika, na jirani yetu Fundi Vyuma alikuwa ameanza kusaga mageti yake, unamjua, mtu hachoki yule. Mama akanitazama, akasema, "Zima feni hiyo kwanza. Mwanangu atanisikiaje?"

Nikamwambia asijali. Nikamwambia daktari amesema asikae kwenye joto, na kelele zote hizo nitaziondoa baadaye kwa kompyuta, ndiyo kazi yangu. Nilijigamba, Dada. Mama akaniamini kama alivyoniamini siku zote nilipomwambia kitu cha kompyuta. Basi nikabonyeza, nikatoka ili azungumze nawe kwa faragha, na Mama Mdogo, aliyekuwa anakunja nguo mle ndani, naye akatoka baadaye kidogo.

Alizungumza dakika arobaini na moja. Nilipoingia nilimkuta amechoka, anafuta macho kwa mkono wa blauzi. Akasema nikutumie. Hakusema nisafishe kwanza. Alisema nikutumie tu.

Ningezima ile feni, ningekutumia jioni ileile.

Siku kumi na tisa baadaye tukampoteza. Unajua yaliyofuata, jinsi ulivyokosa ruhusa kazini ukawa unasikiliza maziko kwa simu. Siku ile uliniambia nikutumie ujumbe wa Mama hivyohivyo, hata kama ni makelele matupu. Mimi nikakujibu nipe wiki moja. Nilitaka umsikie kama yuko chumbani kwako. Na niseme ukweli wote, nilitaka pia uone kwamba mdogo wako ana ufundi. Nilihamishia rekodi kwenye kompyuta yangu, nikaifuta simu yote, nikampa Mama Mdogo kwa sababu yake ilikuwa imepasuka kioo. Nakala ikabaki moja, kwangu.

Programu hii haiwezi kuondoa kelele isiyoijua. Unatafuta mahali ambapo hakuna anayezungumza, unakata kipande, unaiambia: hii ndiyo kelele, itafute kila mahali uifute. Mwanzoni mwa rekodi kulikuwa na sekunde nne kabla Mama hajaanza. Feni, mashine ya Fundi Vyuma, kiti kikilia kidogo. Kipande kizuri mno kwa kazi hiyo. Kilinipendeza hata nikakiandikisha rasmi miongoni mwa sauti za majaribio za programu, kwa sababu kila tukijenga toleo jipya huwa tunalijaribu kwa sauti kama hizo kabla ya kuligawa. Rekodi nzima niliiweka palepale kwenye folda ya kazi ili iwe karibu na mkono. Hiyo sikuiandikisha. Niandikishe ya nini? Ilikuwa ya familia.

Mwezi wa pili mfumo wa kompyuta ukatolewa upya, na programu ikagoma kufunguka kwa kila aliyeusakinisha. Malalamiko yakamiminika. Yule mwalimu wa kwaya aliandika mara tatu kwa siku moja, wanakwaya wake wana onyesho na yeye hana sauti hata moja. Nikaomba ruhusa dukani, nikakaa kujenga toleo jipya. Likagoma. Nikabadilisha hiki na kile, likagoma tena. Sasa, likigoma hivyo, dawa yake ni kusafisha folda ianze upya. Kuna amri fupi ya kazi hiyo. Inabakiza kila kilichoandikishwa, inafuta kila kisichoandikishwa, na haiulizi mara mbili. Huwa naiandika mara kumi kwa siku bila kufikiri, kama mtu anavyopiga chafya.

Niliiandika. Toleo likajengeka mara moja. Nilifurahi, Dada. Nilipiga makofi peke yangu chumbani humu. Nikalifungasha, nikaligawa, mwalimu wa kwaya akashukuru kwa maneno mengi. Kesho yake mchana nikafungua folda niendelee na Mama, na Mama hayumo.

Kelele ilikuwa imeandikishwa. Mama hakuwa ameandikishwa.

Niliipeleka kompyuta kwa fundi aliye mkabala na duka letu. Alikaa nayo siku tatu. Aliniambia diski za siku hizi kikishafutwa kimefutwa, na hasa baada ya mimi kujenga na kufungasha juu yake siku nzima. Hakuchukua hata shilingi. Nilimchukia kwa hilo, kwa sababu mtu akikukatalia pesa unajua hali imekuwa mbaya. Na kinachonichoma zaidi, kwenye maelezo ya programu, ukurasa wa kwanza kabisa, kuna sentensi niliyoiandika mimi mwenyewe: weka nakala ya sauti zako kabla ya kuanza kazi. Mganga hajigangi.

Tangu siku hiyo umenipigia simu mara tano. Mara ya kwanza nilikuambia bado nasafisha. Ya pili, kompyuta iko kwa fundi. Ya tatu ulisema umepata siku mbili za mapumziko na umezitenga kwa ajili ya kumsikiliza Mama, nikakuambia vumilia kidogo, inakuwa nzuri. Inakuwa nzuri! Niliyasema kwa kinywa changu. Simu mbili za mwisho sikupokea.

Aliyenibana ni Baba. Alikuwa amekaa barazani akikanda goti, simu ikalia, akaona jina lako, akaona ninavyoigeuza kifudifudi. Nikamweleza yote. Nilidhani atanifokea, ningeshukuru. Badala yake akasema, "Mwandikie. Usimpigie. Ukimpigia utapata njia ya kumdanganya tena." Akaendelea kukanda goti. Hajalitaja tena.

Nimejaribu kukukusanyia kilichobaki. Mama Mdogo nimemuuliza mpaka amelia. Anasema kabla hajatoka alimsikia Mama akianza kwa kukutaja jina lako la utotoni, kisha akasema anataka ujue kwa nini siku unaondoka hakutoka mlangoni kukuaga. Aliposikia hivyo Mama Mdogo akaona hayo si ya kusikilizwa na mtu wa tatu, akabeba nguo zake akaenda zake uani. Adabu yake ndiyo imetukosesha mengine, na siwezi kumlaumu.

Najua, Dada, kwamba siku hiyo ulikaa na mabegi mlangoni ukimngoja. Najua umeibeba miaka yote hii. Jibu lilikuwa humo, dakika arobaini na moja za jibu, na mimi nililifuta ili mwalimu wa kwaya apate programu.

Utaniuliza mimi niliyekuwa naisafisha nilisikia nini. Swali hilo ndilo lililonifanya nichelewe kuandika. Nilikuwa nasikiliza kelele, sikusikiliza maneno. Ndivyo kazi hii ilivyo, sikio linafuata mkwaruzo, linaacha mazungumzo yapite. Na pia nilijizuia, nikasema haya ni ya Dada, nitayasikia siku akinisimulia mwenyewe. Nilimsikia Mama kwa saa nyingi, na nikikaa kuyakumbuka maneno yake siyapati.

Isipokuwa moja. Karibu na dakika ya sita Fundi Vyuma aliweka chuma kipya kwenye mashine yake, na mlio ukaanguka juu ya neno lenyewe. Neno likazama. Nilikaa na hapo tu Jumamosi nzima, nikirudia na kurudia, nikipunguza huku na kuongeza kule, hadi likatoka. Alisema, "Sikukasirika." Kisha akalirudia polepole, kama mtu anayehakikisha limeingia: "Sikukasirika hata kidogo." Hilo nakuapia. Nimelisikia mara mia na sauti yake ninayo kichwani. Kwa nini hakutoka mlangoni, sijui. Lakini haikuwa hasira, Dada. Kama ulikuwa unalala na hilo, lishushe.

Sasa hiyo flashi. Ina faili moja tu, zile sekunde nne. Nilipokumbuka kwamba niliziandikisha nilikimbilia folda, nikazikuta zimekaa salama salimini. Tena zimeingia kwenye kifurushi, na kifurushi kimepakuliwa na watu zaidi ya mia sita tangu nilipokigawa. Watu mia sita wanazo kwenye kompyuta zao na hawajui ni nini. Kwao ni mfano wa kelele ya kufutwa.

Ukiifungua, ongeza sauti hadi mwisho. Utasikia feni yetu, nadhani utaitambua, ina kile kigugumizi chake. Utasikia mashine ya Fundi Vyuma kwa mbali. Kiti cha Mama kinalia anapojiweka sawa. Halafu mwisho kabisa, kabla haijakatika, anavuta pumzi ya kuanza kusema.

Mimi sijaigusa. Nawe nakuomba, mtu yeyote asikuambie atakusafishia.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Ukitaka kunigombeza, piga simu, safari hii nitapokea hata nikiwa mbele ya mashine na bosi amesimama. Ukikaa kimya pia nitaelewa, ila usikae sana.

Baba anakusalimu, anasema usimtumie tena dawa za goti, zile za mwanzo hajazimaliza. Mama Mdogo anakusalimu na anakuomba radhi kwa kutoka nje. Fundi Vyuma naye, nilipomweleza, alivua kofia, na siku hizi mchana akiona dirisha letu liko wazi husimamisha mashine. Hakuna aliyemwomba. Msalimie shemeji, wabusu wapwa zangu wote wawili, na yule mdogo mfunike vizuri usiku.

Mungu akutunze huko uliko, akupe moyo wa kulibeba hili, na atukutanishe tukiwa bado tunatambuana kwa sauti.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na niliyekukosea,

Kitinda mimba.