Moyo wa Baba Mutua Uko Kulia
Makongeni, Alhamisi, 1996

Eti wanafunzi wa udaktari! Leo wamepanga foleni hospitalini kando ya kitanda cha mume wangu, kila mmoja akitaka kusikiliza moyo ulio upande wa kulia. Hata utumbo wake umekaa kinyume, ndiyo maana daktari anasema kuutoa uvimbe wa kansa ulio tumboni mwake kesho kutakuwa kazi ngumu. Hajawahi kupasua mtu wa namna hiyo.

Baba Mutua akawa anafungua vifungo vya shati, anacheka nao. "Mimi siogopi, madaktari."

Hakuna aliyemuuliza kama ana maumivu.

Walipoondoka niliinama, nikaweka sikio kulia, pale ninapolalia tangu tuoane. Moyo ulikuwa unaenda mbio.

"Usiwaambie watoto," akasema.