Darubini ya Mama Mkwe

Jumatatu, 1 Desemba. Kitale.

Chai, redio, halafu simu ya Wekesa. Tena. Shemeji yangu ana studio ya picha Bungoma na anadhani kila kitu duniani kinangoja kupigwa picha. Anataka tumnunulie mama yake darubini ya kamera: lenzi ndogo, stendi ya mota inayofuata nyota yenyewe, picha inatokea kwa kompyuta. "Ati jicho? Bana, siku hizi watu wanaonea kwa skrini." Nikamkatia.

Mama mkwe amefundisha jiografia Matulo miaka thelathini. Amechora Zohali na pete zake ubaoni mpaka chaki zikaisha. Hajawahi kuiona. Sasa sukari inamla macho, na daktari amesema asingoje mwaka mwingine. Aione kwa jicho lake. Picha zimejaa kwa simu.

Jumanne, 2 Desemba

Nimesoma mpaka kichwa kinauma. Cha maana ni upana wa kioo, si ile namba ya kukuza wanayoandika kwa boksi kumpumbaza mtu. Inchi nane zinatosha. Darubini ya hivyo haina mota, unaisukuma kwa mkono. Kwa kamera haifai. Sijali.

Nanjala, mke wangu, mama wa binti yetu Neema, aliuliza swali moja tu akichambua maharagwe: "Na wewe utasimama wapi?"

Nikamwambia asianze. Nimeagiza.

Ijumaa, 5 Desemba

Imefika kwa basi. Nzito kama gunia la mahindi. Nzuri sana.

Wekesa naye amenunua yake, kimya kimya, kisha ameandika kwa kikundi cha familia kwamba mimi ni mbishi. Mbishi! Ni nani anafundisha fizikia hapa? Sijala chakula cha jioni.

Jumamosi, 6 Desemba. Matulo.

Sitaki kuandika. Naandika.

Kwetu Wabukusu mwanamume na mama mkwe wake hawasogeleani. Hawashikani mikono, hawali meza moja, wakikutana njiani mmoja anapisha. Nimeishi na heshima hiyo miaka kumi na miwili bila kuiwaza. Na nimenunua kitu kinachotaka vichwa viwili mahali pamoja.

Saa moja na nusu niliielekeza. Zohali katikati, safi. Nikaenda kujificha nyuma ya ghala la mahindi ndipo Nanjala amtoe mama yake nyumbani. Fimbo, ngazi mbili, nyasi. Dunia inazunguka. Kwa kioo kile Zohali inatoka nje baada ya dakika moja. Wao walichukua tano. Wakarudi ndani, nikaelekeza upya, nikakimbilia ghalani. Mara tatu! Mwalimu mzima, jasho mgongoni. Nikamfundisha Nanjala kusukuma, akaipoteza kabisa. Nikamfokea, na mama yake anasikia. Nilitamani kuipiga teke ile darubini.

Mara ya nne nikasikia sauti ya mama: "Naiona! Pete pana, imeinama, vile nilikuwa nachora. Asante, Baba Neema."

Nanjala akapiga vigelegele. Mimi nilibaki nyuma ya ghala.

Mwaka huu pete za Zohali zimetugeuzia ukingo. Hakuna mtu popote anayeziona pana. Mama hakuona kitu. Alinihurumia, akasoma ubao wake wa zamani.

Jumapili, 7 Desemba

Sikwenda kanisani. Nina hasira na Wekesa. Nina hasira na mila, na sukari, na aliyetengeneza darubini bila mota. Nanjala hasemi na mimi, ana haki.

Mchana hasira ikapata mwenyewe. Siku zote hizi nimepigania kioo changu, nikasema ni jicho la mama. Yeye sikumuuliza hata siku moja. Na nilijua mahali pangu pa kusimama tangu siku ya harusi.

Nimempigia Wekesa. Nilitaka anicheke ndiyo nipate sababu ya kukata. Hakucheka. "Kesho nakuja, shemeji."

Jumatatu, 8 Desemba

Mimi nje na darubini ya Wekesa. Waya umepita dirishani. Mama ndani, pazia limefungwa, Wekesa kando yake, kompyuta karibu na pua. Mota inanguruma kidogo. Hakuna aliyekimbia.

Halafu sauti ikapita kwa pazia:

"Baba Neema, mbona pete ni nyembamba hivi? Kama uzi."

Nikamwambia ndivyo zilivyo mwaka huu, Mama, zitafunguka tena polepole.

Kisha nikamsikia akimwambia Wekesa amletee kalamu na karatasi.