Kilo za Baba

Jumatatu, 3 Machi

Dripu ya tatu ya dawa ya saratani imekwisha. Baba amepimwa, kilo hamsini na saba na nusu. Sista wa chumba cha dripu akampongeza – mzee unajitahidi, wenzako wote wanashuka! Baba akacheka, akajivutia koti lake. Siku hizi halivui hata jua likiwaka. Anasema dawa inamtia baridi.

Mimi sielewi. Mkanda wa suruali ameutoboa tundu jipya kwa msumari, la tatu tangu akatwe utumbo. Mashavu yameingia ndani. Mzani unasema hivi, suruali inasema vile. Lakini nani atabishana na mzee aliyekagua mizani ya maduka miaka thelathini na moja? Sista alionya pia: akishuka chini ya hamsini na tano, wanasimamisha dawa mpaka anenepe. Na dozi yenyewe wanaipigia hesabu kwa uzito. Baba alimsikiliza kwa makini sana.

Jumatano, 5 Machi

Nimejua kwa nini anakonda. Ni mimi.

Leo nimerudi mapema, nikakuta wanakula. Baba amesukuma sahani. Mama akamuuliza, una ugomvi gani na mayai yangu? Akajibu kwa upole kabisa – muulize binti yako, yeye ndiye mtaalamu. Mafuta ndiyo chakula cha saratani. Ameona kwa macho yake.

Kweli nilisema! Katikati ya Januari, siku chache baada ya operesheni, nilirudi kutoka maabara nimefurahi kama mjinga. Kazi yangu ni kulisha seli za saratani ya utumbo mpana kwenye visahani. Nazipa asidi za mafuta kwa kipimo, nazipaka rangi, nazitazama kwa hadubini. Siku ile zilijaa matone mekundu ya mafuta tele. Nikawasimulia mezani: Baba, zinayafyonza mafuta hizo! Zinanenepa! Nilitaka tu ajue kazi yangu ina maana. Aliniuliza mafuta gani, gramu ngapi. Nikadhani ananionea fahari.

Tangu siku hiyo hakuna mafuta, hakuna maziwa, wala karanga, wala parachichi, wala yai. Uji wa maji na chumvi. Wiki saba! Na mimi nalala nyumba hiyohiyo, natoka alfajiri, narudi wameshakula, sijui lolote. Ulimi uliponza kichwa, wanasema. Wangu umeponza kichwa cha baba yangu.

Jumapili, 9 Machi

Mama amejaribu ujanja. Kijiko cha mafuta ndani ya uji, akakoroga mpaka mkono ukamuuma. Baba akaupokea, akaupeleka dirishani kwenye mwanga, akaona vijicho vya mafuta vinaelea. Umechakachua, akamwambia – kwa sauti ileile aliyokuwa akiitumia kuwafungia watu maduka. Mama akacheka mpaka akakaa chini. Halafu kicheko kikageuka, akalia, khanga usoni. Baba akampapasa bega, lakini uji hakunywa.

Nimemweleza mara tatu: Baba, kisahani si mtu. Anatikisa kichwa. Kipimo ni kipimo, anasema.

Jumanne, 11 Machi

Leo tumefungua visahani tulivyovinyima mafuta. Siku sita bila hata tone. Nilikuwa naomba kimoyomoyo – Mungu anisamehe – nikute seli zimekufa, ili angalau njaa ya Baba iwe na faida.

Hazikufa. Matone mekundu yamejaa. Nikabadilisha lenzi. Nikapaka rangi kisahani kingine. Vilevile!

Profesa wetu akaja, akainama, akatazama. Hakushangaa hata kidogo. Ukizinyima zinajipikia zenyewe, akasema. Zinachukua sukari, zinatengeneza mafuta yao. Jambo linajulikana miaka mingi, kwani husomi? Akaenda kunywa chai.

Kweli sisomi. Mimi nalisha, napaka, nahesabu. Nikaingia chumba cha majokofu nikalia huko, maana mashine zina kelele na hakuna anayesikia. Karibu wiki nane mwenye njaa alikuwa Baba peke yake.

Alhamisi, 13 Machi

Nimemwambia. Siku mbili nilikuwa nazungukazunguka, leo nimemwonyesha picha kwenye simu. Hizi zilikula mafuta, hizi hazikula. Akavaa miwani, akatazama muda mrefu. Akaniuliza ipi ni ipi. Nikamwonyesha. Akavua miwani.

– Kwa hiyo wiki zote hizi...

– Ndiyo, Baba.

Hakugomba. Bora angegomba! Akainuka kwenda msalani. Nikachukua koti lake, ambalo kwa mara ya kwanza ameliacha kitini, ili nikalitundike – likanivuta mkono chini. Mifukoni mna mawe ya mizani! Yale ya shaba, ya kazini kwake. Mawili ya kilo mbilimbili na moja la kilo moja, yamevishwa soksi yasigongane.

Kilo tano. Hamsini na saba na nusu, toa tano. Kwa hiyo dawa wanayompa ni ya mtu mnene kuliko yeye! Na mimi nilidhani vidonda vya mdomo ni kawaida. Nilidhani kuharisha mpaka ashike ukuta ni kawaida.

Alinikuta nimeyapakata. Mwanangu, usiseme, akaniomba. Wakinisimamishia dawa, hao wadudu wako watajaa tumbo zima. Nitakula. Naapa nitakula, ila Jumatatu niache nipande mzani na koti langu. Hajawahi kuniomba kitu maishani mwake. Nikasema sawa. Ee Mungu, nilisema sawa.

Ijumaa, 14 Machi

Amekula yai. Zima! Mama anaimba jikoni.

Jumapili, 16 Machi

Yai limerudi. La jana pia. Na maziwa. Tumbo limesahau kazi yake. Mama anasema maji yamezidi unga, twende hospitali leoleo. Baba anasema kesho si ndiyo siku yangu, haraka ya nini? Mama hajui habari ya mawe.

Nikisema, wanamnyima dawa. Nisiposema, dawa yenyewe inammaliza. Nimegeuza huku na huku, sioni upande wa kushika. Nimeahidi. Mimi naye, hata kuahidi sijui kuahidi.

Jumatatu, 17 Machi

Naandika kwenye benchi, nje ya chumba cha daktari. Nisipoandika nitapiga mayowe.

Alipanda mzani na koti. Hamsini na saba kamili. Sista akaandika, karatasi ikaenda kwa wachanganya dawa. Baba akakalishwa kitini, mkono ukapakwa spiriti. Nilisimama nimekumbatia mkoba. Sista akarudi na mfuko wa dawa, akasoma jina, akasoma kilo, ni wewe mzee? Baba akasema ndiyo.

Nikasema: Sista, si kweli.

Wagonjwa wote wakageuka. Nikaingiza mkono mfukoni mwa koti la baba yangu mbele za watu, nikaweka jiwe la kwanza mezani. La pili. La tatu likaniponyoka, likabingirika chini ya kitanda. Sista hakufoka. Alianza kusema mficha maradhi – kisha akamtazama Baba, akaikatiza methali. Akaurudisha mfuko. Akampandisha tena, bila koti, bila viatu. Hamsini na nusu.

Tumetolewa nje tumsubiri daktari. Baba hajalivaa tena koti. Amekaa na shati tu, amekonda kama ng'onda, na mimi leo ndiyo namwona. Kisha, bila kunitazama:

– Umeniua mara mbili, mwanangu. Kwa mdomo huohuo.

Nikafungua chupa ya maziwa aliyotufungia Mama, nikammiminia, nikamtia kikombe mikononi kwa sababu sikujua la kufanya. Akauliza yana mafuta? Nikasema yana, Baba. Tena mengi.

Namsikia daktari nyuma ya mlango, anaongea na simu. Anataja hamsini na nusu. Anaitaja tena. Baba ameshika kikombe kwa mikono miwili. Amekifikisha kidevuni. Bado hajanywa.