Sanda ya Mama Bluma Imo Kabatini Mwangu

Shangazi Audrey mpendwa,

Pokea salamu zangu mimi msomaji wa safu yako gazetini, na unisamehe mapema kama maneno yatakuwa mengi, maana nimeyabeba peke yangu na sasa yamenilemea, naomba unisaidie.

Mimi ni Mkenya, naishi huku ng'ambo, mtaa wa Erdington, watoto wangu wawili wako kwa nyanya yao Vihiga, na kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao. Tangu mwaka juzi namtunza bibi mmoja Myahudi, mjane, anayeishi kwenye fleti huko Ladywood, na kwa kuwa nilishindwa kabisa kumwita mtu wa umri ule kwa jina tupu, mwenyewe akakubali nimwite Mama Bluma. Tulipatana sana, Shangazi. Alikuwa ananikemea nikimpikia ugali mlaini, yeye ambaye kabla yangu hakuwa ameonja ugali maishani mwake.

Shida ilianza siku aliponiambia nifungue droo iliyo karibu na kitanda chake, nikakuta nguo nyeupe za kitani zimekunjwa vizuri, nikafikiri ni nguo za kulalia, nikaziinua nikamwambia ni nzuri, naye akasema kwa utulivu kabisa kwamba hiyo ni sanda yake, alishona mwenyewe, na nilivyoshtuka zikaniponyoka zote zikaanguka sakafuni. Akaanza kunieleza kwamba kwa miaka mingi alikuwa katika kikundi cha akina mama wa sinagogi lao wanaoosha wanawake waliofariki, kwamba wanamwaga maji bila kupiga gumzo, wanamvika sanda ambayo uzi wake haufungwi fundo wala haina mfuko, jeneza ni la mbao tupu, maua hakuna, marehemu haachwi peke yake hata kidogo mpaka azikwe na anazikwa haraka, na kwamba wakishamaliza kumwosha wanamwita kwa jina lake na kumwomba msamaha kama kuna mahali walimkosea heshima. Akasema, "Zilpah, nimeosha wengi katika mji huu, sasa zamu yangu inakaribia. Usikubali wanichome. Mimi nataka udongo."

Sasa Shangazi, mimi nilivyolelewa, mtu hakai akinywa chai huku anapanga mazishi yake, huo ni uchuro, ni kuita kifo kwa jina, kwa hiyo nikainua mkono nikasema, "Shindwe! Hiyo si yako Mama Bluma, wewe utaishi!" na kila alipojaribu tena kuanzisha habari ile nilimkatiza, nikaimba, nikawasha televisheni, hadi siku moja akaniangalia kwa muda, akageukia dirishani, na hakurudia tena. Mimi nikafurahi nikadhani nimeshinda.

Halafu nikamweleza mchungaji wangu, akasema nguo ya kifo ikikaa ndani ya nyumba inakaribisha kifo, niichukue niichome, basi siku Mama Bluma alipokuwa amelala nikaitia ile sanda kwenye mfuko wa dukani nikapanda nayo basi hadi kwangu, lakini kila nikishika kiberiti mikono inakataa. Imo kabatini mwangu mpaka leo, chini kabisa, chini ya makoti.

Baada ya hapo akapigwa na kiharusi. Upande wa kulia umekufa, maneno yamekwisha, anameza matone tu, na nesi ametuambia tujiandae. Ila mkono wa kushoto unafanya kazi, na kutwa nzima unanyooka kuelekea ile droo. Wenzangu wanadhani anataka leso, wanampa leso, anaiachia inaanguka, anaunyoosha tena.

Binti yake wa pekee amefika kutoka mbali. Anaitwa Yarrow, jina alilojipa mwenyewe alipoachana na dini ya wazazi wake, na si mtu mbaya, analia sana. Akaniuliza kwa upole kama mama yake aliwahi kusema chochote kuhusu mazishi, nami, Shangazi, nikaogopa ataniuliza hiyo sanda iko wapi, nikasema hapana, hajawahi kusema neno. Akashusha pumzi, akasema basi atamchoma, kwa sababu mama hakukanyaga sinagogi kwa miaka mingi na bila shaka hakujali tena.

Nimemwambia mwenzangu Rahmo tu, Msomali aliyekulia Eastleigh, akashika kichwa. "Wallahi Zilpah, hao ni kama sisi! Kuosha, sanda, kuzika haraka. Na wewe umeficha sanda ya mtu, unalala aje?"

Nikamwambia, "Na visa yangu? Si ni kampuni ndiyo imeni-sponsor? Wakijua nimetoa kitu kwa nyumba ya client, nimekwisha."

Akasema, "Ukifukuzwa, fukuzwa. Rudisha kitu ya mwenyewe."

Shangazi, niirudishe kimya kimya kwenye droo ninyamaze? Au niseme, nipoteze kazi, na watoto wangu wakose karo? Au nimwachie Mungu? Nisaidie haraka, pumzi yake imeanza kukatikakatika.

Zilpah, Erdington

*

Zilpah mwanangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama jikoni, na sikuketi mpaka nilipoimaliza. Singoji hadi gazeti litoke, jibu hili nakutumia sasa hivi kwenye simu, na litachapishwa baadaye kwa ajili ya wengine, maana najua hauko peke yako.

Kwanza pole. Kumtunza mtu miaka miwili na kumwona akiondoka si mchezo, na hofu ya viza naijua, nimeona watu wazima wakitetemeka kwa sababu ya barua moja ya kampuni. Uchuro pia naujua. Kwetu ukitaja kaburi mezani ulikuwa unafukuzwa mezani.

Sasa nisikilize. Mama wa watu alikuwa anakupa wosia, wewe ukamjibu "shindwe". Nani ashindwe? Yeye? Hakuwa anaita kifo, alikuwa anapanga safari yake akiwa na akili zake timamu, na katika watu wote alikuchagua wewe. Binti yake hakuambiwa. Uliambiwa wewe, na ukawasha televisheni. Nakuonea huruma, Zilpah, lakini nikifikiria siku ile alipogeukia dirishani nasikia hasira, na sitakuficha.

Na huyo mchungaji wako mwulize swali moja kutoka kwangu. Bwana Yesu, ambaye naye alikuwa Myahudi, alizikwa na nini? Alizungushiwa sanda ya kitani, imeandikwa wazi. Angekuwepo siku ile naye angetafuta kiberiti?

Habari ya kuirudisha kimya kimya, itoe kichwani. Sanda iliyo ndani ya droo haisemi. Yarrow ataikuta siku anaposafisha nyumba, wakati mama yake ni majivu tayari, naye ataishi na hilo mpaka afe. Hajakukosea kitu, usimfanyie hivyo. Na Mungu usimsukumie kazi yako. Yeye amekuachia ulimi unaofanya kazi, ilhali ulimi wa Mama Bluma umekwisha nguvu.

Kuhusu kazi sitakudanganya. Umetoa kitu cha mteja nyumbani kwake bila ruhusa, kisha ukamdanganya binti yake. Wanaweza kukuadhibu, na huenda ukafukuzwa. Tafuta mtu anayejua sheria za viza kabla hujatia saini karatasi yoyote, na msimamizi wako umwambie wewe mwenyewe leo leo, asisikie kwa mwingine. Ukifukuzwa njoo ofisini kwetu tutafute njia pamoja, nasema hivyo na namaanisha. Lakini kazi nyingine inaweza kupatikana. Huyu akishachomwa, hakuna wa kwenda kuomba arudishiwe udongo wake.

Kwa hiyo sasa hivi, ukimaliza tu kusoma jibu hili, mpigie Yarrow. Usimwandikie ujumbe, mpigie. Sema, "Nilikudanganya. Mama yako alisema, na hivi ndivyo alivyosema." Mweleze kuhusu kikundi cha akina mama, maji, kitani na udongo, kwa maneno yake, usiongeze mahubiri yako na usimhukumu kwa kuacha dini. Mwambie sanda unayo na unaileta. Atakukasirikia. Mwache akasirike, ana haki. Mwombe awaite wale akina mama wa sinagogi leo, maana wao wanajua la kufanya, wewe na yeye hamjui. Akitaka uhakika, muulizeni Mama Bluma mwenyewe mkiwa wote wawili, swali moja moja, afinye mkono kwa ndiyo. Uamuzi wa mwisho ni wa binti. Huenda bado akachagua moto, na itakuuma. Lakini atachagua akijua.

Ukitoka hapo chukua sanda. Usiifue, usiipulizie marashi, usiiombee. Ikunje jinsi ulivyoikuta.

Umeandika mwenyewe kwamba wale akina mama wakishamwosha marehemu wanamwita kwa jina na kumwomba msamaha. Wao wanamwomba mtu asiyeweza kusikia tena. Wewe wako bado anasikia, ila si kwa muda mrefu. Ingia chumbani, iweke sanda yake chini ya ule mkono wa kushoto, mwite kwa jina, umwombe msamaha. Halafu vuta kiti ukae naye, na safari hii akijaribu kukwambia kitu, hata kama ni kwa kidole kimoja, nyamaza umsikilize.

Shangazi Audrey