Namba za Choki

Jumatatu, 11 Machi

Kuta mbili ziko chini. Ya tatu tumeianza. Mgongo unauma.

Ukumbi huu wa mahakama ya zamani unahamishwa ili soko jipya lipate nafasi. Utajengwa tena pale juu, kando ya barabara, jiwe kwa jiwe, kama ulivyokuwa. Ndivyo wazee wa mji walivyoahidiwa, na kuhakikisha ni kazi yangu. Kila jiwe lina namba, na namba hiyo iko kwenye mchoro wangu. Bila namba, mchoro ni karatasi tu.

Mzee M'Ikiara, fundi wetu mkuu, anataka namba zichongwe kwa tindo, upande wa jiwe usioonekana. Atatuchelewesha wiki mbili. Alianza kujenga kwa mawe kabla sijazaliwa, na baba yake ni mmoja wa waliochonga haya. Nimemwambia choki inatosha. Wakubwa wanakuja Ijumaa na nataka wakute tumemaliza.

"Choki ni ya shule," akasema. "Jiwe inataka tindo."

Vibarua wakacheka. Nikakasirika. Mwenye diploma hapa ni mimi.

Alhamisi, 14 Machi

Tumemaliza. Mawe yote yamelala uwanjani kwa safu, ukuta kwa ukuta, chini ya turubai kubwa. Yanapendeza. Mawingu upande wa milima ya Nyambene, lakini si kitu.

Mzee amefunga kamba za turubai mwenyewe, mafundo mawili kila pembe. Naona anafanya hivyo kunikera tu.

Ijumaa, 15 Machi

Jua kali asubuhi. Hema la wageni halikufika. Nikaamuru turubai litolewe kwenye mawe, litundikwe juu ya viti. Viti navyo vikakosa nafasi, kwa hiyo vibarua wakasogeza mawe kando na kuyarundika. Namba zipo, nikajiambia, tutayapanga upya kesho. Mzee akauliza turubai litarudi saa ngapi. Nikasema mara tu wageni wakiondoka. Kisha nikamtuma machimboni akachague mawe ya msingi, maana sikutaka azungumze na wageni.

Wageni wakafurahi. Mkubwa wangu akanishika bega mbele ya watu, akanialika nyama hotelini. Nikaenda.

Saa kumi mvua ikapiga mabati ya hoteli. Niliyakumbuka mawe. Mkubwa alikuwa katikati ya hadithi yake. Sikuinuka. Nilikula mbavu mpaka mwisho.

Jumamosi, 16 Machi

Namba zimefutika. Zote. Nimegeuza mawe tangu asubuhi, vidole vimechubuka. Nimepata saba moja na kitu kama nne.

Jumatatu, 18 Machi

Mkubwa ametaka maelezo kwa maandishi. Nimeandika kwamba fundi mkuu hakuyafunika mawe. Sentensi moja. Kwa kawaida naandika kurasa tatu.

Mzee hakuulizwa kitu. Saa tisa akaambiwa asirudi tena. Akatia nyundo na tindo zake kwenye gunia, akanipungia mkono kama siku zote.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu ni langu, anayechechemea ni yeye. Mimi ni mwongo.

Jumatano, 20 Machi

Nimeiacha githeri sahanini, mahindi na maharagwe yote. Mke wangu ameniuliza kama naumwa. Nimesema ni meno.

Vibarua hawaongei nami ila kwa kazi. Walikuwepo wote. Wanajua ni nani aliyetoa turubai, na hawasemi kwa sababu kibarua ni kibarua. Nategemea njaa yao. Ni vibaya kuliandika, lakini ndivyo ilivyo.

Mkubwa anasema mawe yasagwe kokoto. Tutajenga kwa matofali ya saruji, kisha tubandike mawe machache upande wa mbele. "Nani atajua?" ameniuliza.

Jumamosi, 23 Machi

Nimeenda kwa Mzee, mbele ya Kaaga. Kilo mbili za sukari na mkate.

Mkewe alinipokea vizuri. Akatazama nyuma yangu, langoni. Akatazama tena. Nilielewa nikiwa nimeshakaa. Kwetu mtu akimkosea mzee haji na sukari. Huja na kondoo dume, akimvuta kwa kamba mchana, majirani wakiona. Sukari ni ya kumwona mgonjwa.

Nilikunywa uji wao, nikaongea habari za mvua. Mzee naye akaongea habari za mvua. Nikaaga. Nimeona aibu kuliko siku ile niliyoandika uongo wenyewe. Mtu mzima, ana watoto shuleni, amejificha nyuma ya mkate.

Jumapili, 24 Machi

Kanisani sikuimba.

Alhamisi, 28 Machi

Asubuhi nimempa mkubwa barua. Nilikataa tindo mimi. Turubai nililitoa mimi. Uongo juu ya fundi niliuandika mimi. Hakumaliza kuisoma mbele yangu.

Kisha sokoni, nikanunua kondoo dume mweupe. Nikamvuta kutoka barabara kuu hadi kwa Mzee. Aligoma kutembea mbele ya duka la mbolea, watu wakatoka kutazama. Mmoja akauliza, "Nani amekosewa?" Nikamtaja Mzee kwa jina.

Nikamsomea Mzee nakala ya barua, nikiwa nimesimama. Alikuwa na swali moja.

"Hiyo siku, ulisikia mvua?"

Nikasema nilisikia.

"Na ukakaa."

Nikasema nilikaa. Hilo sikuwa nimeliandika kwenye barua. Akamwita mkewe aje achukue kondoo.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimejibiwa. Usimamizi nimenyang'anywa, sasa ni karani wa stoo. Mkubwa hanisalimii. Mzee ameitwa tena, na baada ya wazee wa mji kuja juu, habari za kokoto zimekwisha.

Amepita kwenye rundo siku nzima akiyapapasa mawe kwa viganja. Ya mlango anayajua, baba yake alimwonyesha. Ya kona pia. Mengine alitikisa kichwa. Yaliyobaki ni mengi sana. Yataingia ukutani popote yatakapotosha.

Ijumaa, 24 Mei

Nikifunga stoo nabeba mawe. Si wema. Siwezi kukaa nikitazama tu. Mzee hajatamka kwamba amenisamehe. Hunipa yale mazito.

Mlango umesimama. Huo ni wenyewe kabisa. Kutoka mlangoni kwenda kulia ni kubahatisha, na mimi huliona kila kosa. Mchoro bado ninao nyumbani. Siufungui.

Jumanne, 20 Agosti

Mama mmoja mzee amekuja kutoka upande wa Nchiru, ana fimbo na kiondo. Alisikia ukumbi umehamishwa. Anasema alipofiwa na mumewe, shemeji zake walitaka kumfukuza shambani, na kesi ikasikizwa humo akashinda. Aliuzunguka mara mbili, polepole, akigusa ukuta.

Akasema ni nyumba safi. Kisha akanigeukia.

"Na ile yetu, muliipeleka wapi?"

Mzee alikuwa juu ya ngazi. Aliacha kugonga. Hakugeuka.

Nikamwambia, ni hii, mama. Mawe ni yale yale. Ni mimi niliyepoteza mahali pake.

Hakukasirika. Alitazama ukuta tena, akatafuta, akashindwa. Akaniuliza gari za Nchiru siku hizi husimama wapi. Nikambebea kiondo hadi stejini.