Nilivyomwambia Mwandishi Habari za Ng'ombe Tu

Kehancha, Jumapili, Agosti 1996

Wewe Boke, mjukuu gani hakanyagi nyumbani tangu mavuno?

Leo mwalimu wetu wa ngumbaru ametusomea kile kitabu cha maisha ya wanawake wa hapa. Mimi nimo. Mama yako Robi, niliyemwoa mimi mwenyewe kwa mila yetu ya mwanamke kuoa mwanamke anizalie wajukuu, kwa sababu sikujaliwa mtoto wa kiume, hayumo. Wamo ng'ombe wanane niliomtolea mahari.

"Kwa hiyo mama, mimi ni ng'ombe tu?" akaniuliza, akajifunika leso, akaenda zake.

Kosa ni langu. Yule mwandishi aliponihoji, nilijisifia ng'ombe mpaka chai ikapoa. Sikumwambia kwamba nilipolazwa Homa Bay, Robi alilala sakafuni kando ya kitanda changu mwezi mzima.

Ukija, leta kalamu. Muulize Robi mwenyewe, uandike. Mimi nitafunga huu mdomo.