Uji Usio na Omena

Jumanne, 3 Juni
Ugali, sukuma, mayai mawili. Omondi amemaliza, akalamba sahani. Ana miaka mitatu na hajui ladha ya samaki. Mtoto wa watu wa ziwa.

Mkoba umefika tena kutoka kwa mama mkwe, kule Homa Bay. Omena kavu, vile visamaki vya ziwa, imejaa hadi juu. Nimempelekea Mama Linet wa chumba cha pili, kama mwezi uliopita. Jioni mama mkwe akapiga simu. "Nyar Kuria, mjukuu wangu anakula omena?" Ndivyo anavyoniita, binti wa Wakuria. Nikasema anakula sana, Mama. Sauti yangu haikutetemeka hata. Hiyo ndiyo imenitisha.

Alhamisi, 5 Juni
Wacha niandike ukweli hapa, nje ya nyumba hii sijausema.

Omondi akiwa na miezi minane nilimkorogea uji wenye omena iliyosagwa. Midomo ikavimba, macho yakajifunga, ngozi ikajaa mapele kama ametambaliwa na siafu. Daktari wa dispensari akasema ni mzio. Mwili wake unakataa samaki. Asile, asinywe mchuzi wake, asitumie hata kijiko kilichoukoroga. Nilielewa vizuri. Sikufika mbali na shule lakini hiyo nilielewa.

Kumwambia mama mkwe ndiyo ilinishinda. Siku ya kwanza kwake alinipakulia kichwa cha samaki mbuta, heshima ya bibi arusi. Mimi nimelelewa Kehancha na maziwa na nyama. Nikaliangalia lile jicho, nikakimbia nyuma ya nyumba kutapika. Shangazi mmoja akasema, "Huyu wa ng'ombe atawanyima watoto wetu samaki." Wakacheka mpaka wakajifuta machozi.

Sasa nikisema mtoto hali samaki, nani ataamini si mimi?

Baba Omondi anajua. Alisema tutamwambia polepole. Polepole hiyo ina miaka miwili. Yeye anashuka mgodini asubuhi, aibu ananiachia mimi hapa juu.

Jumamosi, 7 Juni
Mama mkwe anakuja kesho. Nimefua, nimefagia mpaka kwa jirani. Nikifua nilijaribu maneno. "Mama, kuna kitu." Basi, yanaishia hapo. Dholuo yangu ni ya sokoni, na Kiswahili tunachoongea naye ni cha kuazima sisi wote. Mzio nitauita nini?

Nimefua leso moja mara tatu.

Jumapili, 8 Juni
Amefika na kuku, viazi, na mkebe wa unga. Wimbi, njugu na omena, vimesagwa pamoja, vile wanafanya kule ili mtoto ashike mifupa. Omondi alimrukia shingoni.

Nilikuwa nafungua mdomo. Akamwambia Mama Linet, mbele yangu, "Mimi nilisema huyu hawezi kaa kwa ndoa. Kumbe ameninenepeshea mtoto!" Nikameza maneno yangu yote.

Alipolala kidogo mchana nilimwaga ule unga kwa kuku wa jirani. Chakula cha watu, kwa kuku. Nikaosha mkebe na maji moto, nikajaza wimbi tupu. Nikajiona mjanja.

Jumatatu, 9 Juni
Omondi yuko hai. Naandika hilo kwanza.

Nilienda kuchota maji asubuhi. Narudi, nasikia kikohozi. Mama mkwe ameshika kikombe, Omondi anajikuna shingo, midomo imekuwa ya mtu mwingine. Nikamnyakua. Bodaboda moja, sisi watatu, hadi hospitali mjini. Pumzi yake ilikuwa inapiga filimbi kifuani mwangu.

Wakamchoma sindano ya paja. Muuguzi akauliza amekula nini. Mama mkwe akasema uji. Uji wa nini? Wa wimbi na omena.

"Hamkujua ana mzio wa samaki?"

Mama mkwe akasema hapana.

Nikasema, "Mimi nilijua."

Aliniangalia. Halafu akaangalia mikono yake, muda mrefu, kama si yake.

Jumanne, 10 Juni
Bado wodini. Uvimbe umeshuka, anaomba ndizi.

Mama mkwe amesema leo, akiwa amegeukia dirisha. Alinusa mkebe akajua hiyo unga si yake. Akaingia kwa Mama Linet kuomba chumvi, akaona omena yake kwa beseni. Akafikiri sijui kuipika na naona haya kuuliza. Akachukua kiganja kimoja, akaiponda, akatia kwa uji nikiwa bombani.

"Nilifanya kimya ili usiaibike," akasema.

Sikuwa na pa kuweka uso.

"Ungeniambia, Nyar Kuria. Hata na matusi ungeniambia."

"Nilidhani utasema ni mimi nimemfundisha kukataa samaki, Mama."

"Ningesema," akasema. "Ningesema siku mbili. Halafu ningenyamaza. Na mtoto angekuwa mzima."

Jumatano, 11 Juni
Ameondoka. Amebeba mkebe wake. Hakuniita Nyar Kuria, hakuniita chochote. Baba Omondi alimsindikiza stendi, akarudi akaketi mlangoni na viatu vyake vya mgodi. "Ilikuwa kazi yangu kumwambia," akasema. Ni kweli. Lakini aliyekuwa naye kwenye simu kila wiki ni mimi.

Jumapili, 15 Juni
Hajapiga. Nimemwambia Mama Linet kila kitu. Akanawa mikono na sabuni kabla ya kumshika Omondi. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo.

Ijumaa, 20 Juni
Nimepiga mimi. Haikushikwa.

Jumanne, 24 Juni
Mkoba umefika. Ndani mkebe ule ule, umefungwa na plastiki mara mbili. Wimbi. Ngumu ngumu, haijalainika.

Simu ikalia nikiwa bado nimeishika.

"Nyar Kuria. Hiyo sikupeleka kwa mashine. Hapa ufuoni mashine yote inasaga omena. Nimesaga na jiwe la mama yangu, lile halijawahi guswa na samaki. Nimelimwagia maji ya moto pia. Mikono imeisha."

Nikasema asante, Mama. Nikasema nisamehe. Akasema mpikie mtoto, hiyo mengine tutaongea nikikuja.

Nikafungua. Nikanusa. Nikaona aibu kunusa unga wa mtu aliyeisha mikono. Nikanusa tena.

Omondi amekunywa kikombe kizima. "Mama, uji una mchanga," akasema, akanyoosha kikombe apate kingine. Nikamwongezea.